Oili Isiyopungua

3 Machi

Mvua imeanza, na umeme umekatika kama kawaida yake. Leo Mama amenikabidhi ufunguo wa chumba cha jenereta. Aliuvua kwenye kamba ya shingoni, akauweka mezani kando ya sahani yangu. "Mjomba wako hawezi tena," alisema. "Wewe umesoma. Mashine ni yako mpaka mvua ziishe."

Nyumba yetu ni nyumba ya kujifungulia. Kuna vitanda vitano, chumba kimoja cha leba, Mama ambaye ni mkunga, na Sista, muuguzi wake. Jenereta iko upande wa pili wa ukuta wa leba, tofali moja tu katikati. Umeme ukikatika mtoto akiwa njiani, taa, mashine ya kunyonya ute na kitanda cha joto vyote vinategemea chuma kile kimoja. Mjomba, kaka yake Mama, amekitunza miaka kumi na sita. Mwezi wa kumi na moja alipata kiharusi. Upande wake wa kushoto umelala na sauti haipo. Anashinda barazani kwenye kiti chake cha magurudumu, mkono wa kushoto umejikunja ngumi mapajani.

Sikumkumbusha Mama kwamba nilisomea kemia, siyo injini. Nilikuwa nimekaa nyumbani miezi saba bila kazi, nikizidi kuwa kivuli. Nilifurahi mno kukabidhiwa kitu.

4 Machi

Nimekaa na mashine asubuhi nzima bila kuiwasha. Ni ya dizeli, rangi ya kijani iliyobabuka. Bomba la kuvutia hewa limejitokeza kuelekea mlangoni, mdomo wake mviringo, mpana kama kiganja cha mtu mzima. Kando yake, kwenye msumari, kimetundikwa kibao cha mti mgumu, mviringo, kina mpini mgongoni na upande wa pili kimegundishwa mpira wa tyubu. Nilimpelekea Sista.

"Labda alikuwa anakikalia," alisema.

"Kina mpini katikati, Sista."

"Basi alikuwa anakikalia kwa shida."

Nimekirudisha kwenye msumari.

Ukutani kuna maandishi ya chaki ya Mjomba. Kila alipomwaga oili aliandika tarehe na saa ambazo mashine ilikuwa imefanya kazi, kama mita inavyoonyesha. Nimekokotoa tofauti. Miaka ya mwanzo alimwaga kila baada ya saa mia mbili na hamsini, kama kitabu cha mashine kinavyosema. Halafu ghafla mia. Kisha themanini. Sitini. Mara ya mwisho, hamsini. Ukizisoma kutoka juu kwenda chini unapata hisia kwamba kuna kitu kinakaribia. Lakini nilichokiona mimi ni mtu anayezeeka na kuingiwa woga.

6 Machi

Duka la spea. Mwenye duka watu humwita Mama Filta, na huitika.

"Shikamoo."

"Marahaba, mtoto wa mkunga. Nikupe ile ya mjomba wako? Namba arobaini, nzito kama asali ya baridi?"

"Hapana. Nataka kumi na tano arobaini, ya dizeli."

"Eti kwa nini?"

Nikamweleza. Namba ya kwanza inasema oili inavyotiririka ikiwa baridi, ya pili inasema inavyojishikilia ikiwa moto. Oili nzito asubuhi ya mvua inachelewa kupanda, na chuma kinasagana kikavu kwa sekunde kadhaa. Ya kumi na tano inawahi.

"Haya, mwalimu," alisema. "Nimeuza hizi kabla hujaota meno, leo ndiyo nafundishwa kusoma kopo. Na utamwaga kila baada ya saa ngapi?"

"Mia mbili na hamsini."

Alifuta kaunta, akaifuta tena palepale. "Mjomba wako kipindi cha mvua alikuwa hapiti wiki mbili hajaja."

"Najua. Alikuwa mwoga."

"Mwoga," alirudia, kama mtu anayeonja chumvi. "Haya bwana. Chukua na filta."

7 Machi

Nimemwaga oili ya zamani. Ilitoka nyepesi kuliko nilivyotarajia, ikaingia ndooni bila kelele, kama chai. Nikasema moyoni, hiyo namba arobaini yake imezeeka, ndiyo maana. Nimeweka mpya mpaka alama ya juu ya kijiti cha kupimia, nikaandika kwa chaki chini ya mwandiko wake.

Nilipowasha, Mjomba aliinua mkono wa kulia akajiziba mdomo kwa kiganja. Sista akadhani anataka maji, akamletea. Aliyaacha yamwagike kifuani, mkono ukabaki mdomoni mpaka nilipozima.

10 Machi

Saa kumi na mbili za kazi. Oili iko kwenye alama.

15 Machi

Saa thelathini na tisa. Kwenye alama kabisa. Haikupungua hata unywele. Mama Filta aliniambia jenereta kuukuu hula oili, nijiandae kuongeza. Yangu haili. Nilimwonyesha Mama kijiti kwenye karatasi nyeupe. "Vizuri," alisema, bila kukiangalia.

19 Machi

Mvua. Saa hamsini na nane. Juu ya alama kidogo. Nadhani sakafu imeinama.

23 Machi

Nimepima kwa kipimo cha fundi mwashi. Sakafu haijainama.

24 Machi

Juu ya alama kwa upana wa ukucha. Oili haiwezi kuongezeka. Inaungua, inavuja, inapungua. Hakuna kitabu nilichowahi kusoma kinachosema kitu ndani ya chuma kilichofungwa kinazaa.

Kwa hiyo kuna mtu anaongeza.

25 Machi

Kopo la akiba nimelipiga mstari wa kalamu usawa wa oili iliyomo, nikalifungia kabatini kwangu. Nimeweka kufuli jipya mlangoni mwa jenereta. Nimefunga uzi wa kushonea kati ya bawaba na fremu, mwembamba kiasi kwamba mimi mwenyewe nautafuta.

28 Machi

Uzi mzima. Kufuli zima. Kopo liko kwenye mstari wake. Oili imepanda.

29 Machi

Nimeanza kuwatazama watu. Sista anapita pale kutupa maji machafu. Leo nilimuuliza kama aliwahi kushika ufunguo wangu. Aliweka beseni chini taratibu.

"Mimi nina vitanda vitano na wagonjwa sita," alisema. "Nikapate wapi muda wa kuinywesha mashine yako?"

"Mtu anaongeza oili."

"Basi mshukuru. Mimi kwangu hakuna anayeongeza kitu."

Nilicheka kwa aibu. Halafu nikaona alikuwa anaangalia kiti cha Mjomba. Jana jioni kilikuwa mwisho wa baraza, karibu na ngazi. Sasa kilikuwa mkabala na mlango wa jenereta.

"Ni wewe umemsogeza?" nilimuuliza.

"Nilidhani ni wewe."

2 Aprili

Mvua siku nne mfululizo. Mashine imefanya kazi saa tano kila siku. Imeanza tabia mpya. Mlio wake unapanda na kushuka wenyewe, polepole, bila mtu kugusa chochote.

Mwanamke aliyekuwa leba leo, uzazi wake wa kwanza, alimshika Sista mkono akauliza, "Nani anahema huko nyuma ya ukuta?"

"Ni jenereta, mama. Vuta pumzi."

"Jenereta haihemi hivyo."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na taulo. Nilisikiliza, na ni kweli. Inahema.

3 Aprili

Juu ya alama kwa kidole kizima. Mjomba, kiganja mdomoni. Nimemuuliza, "Unataka nini, Mjomba?" Alinitazama mpaka machozi yakamtoka. Akaachia. Akajiziba tena.

Mama anasema kiharusi huacha mkono ukirudia jambo moja bila maana. "Usimkodolee macho, mwanangu. Unamtesa."

9 Aprili

Nilipovuta mkono wa chuma wa kuzimia, mashine haikuzima mara moja. Nilihesabu moja, mbili, tatu, nne. Ndipo ikanyamaza.

Nilisimama pale nikiwa bado nimeushika. Ilikuwa kama kumwambia mtu anyamaze, naye akamalizia kwanza sentensi yake.

12 Aprili

Sekunde sita.

16 Aprili

Tisa. Saa mia moja na sabini na sita za kazi. Ningekuwa nafuata chaki ya Mjomba ningekuwa nimeshamwaga mara tatu. Nilifikiria kumwita fundi. Lakini fundi atauliza nani alichagua oili, nani aliamua muda, na jibu la maswali yote mawili ni mimi. Nimeandika sentensi hii ili niione. Bado sijamwita.

18 Aprili

Kiti kimesogea tena. Leo nimemwona. Husukuma sakafu kwa kisigino cha kulia, inchi moja, anapumzika, inchi nyingine. Asubuhi nzima kwa hatua mbili za mtu mzima. Nilimrudisha kwenye ngazi kwa sababu mvua ingemfikia. Alilia bila sauti. Niliingia ndani nikafunga mlango.

22 Aprili

Hatimaye nimefanya kile ambacho mtu mwenye digrii yangu angefanya wiki ya kwanza. Nimedondosha tone la oili kwenye karatasi ya chujio nikaliacha saa moja. Tone jeusi lilibaki katikati, dogo, na kulizunguka likatanda duara pana la njano iliyopauka, likaendelea kutanda mpaka ukingoni. Nikainusa karatasi nje, kwenye upepo, mbali na kile chumba kinachonuka dizeli tangu nizaliwe.

Dizeli. Hakuna mtu anayeongeza oili. Mashine inajiongezea dizeli kwa ndani, kupitia mpira unaoziba pampu ya dizeli, uliochoka bila shaka, tone kwa tone, na mimi nilikuwa nikipima kijiti na kujisifu. Oili yenyewe imekuwa nyepesi kama maji. Ile niliyomwaga tarehe saba ilikuwa vilevile, nikalaumu umri wake.

Nimeona aibu kwanza, kabla ya hofu. Nimwage leo. Lakini kopo la akiba lina lita mbili tu, mashine inataka saba, na barabara ya kwenda kwa Mama Filta imekatwa na maji tangu jana. Nikimwaga bila ya kuweka, leba itabaki gizani. Nimeamua kusubiri barabara. Nahofia vyuma vitasagana. Hilo ndilo pekee ninalolihofia.

23 Aprili

Umeme upo. Maji hayajapungua.

24 Aprili

Nataka niandike yote kwa mpangilio.

Saa tisa mchana mbingu zilikuwa nyeusi na umeme ukaenda. Leba kulikuwa na mwanamke ambaye mtoto wake alikuwa amekaa vibaya. Mama alitoa kichwa dirishani, glovu zikiwa juu hewani.

"Washa!"

"Mama, oili ina dizeli. Si salama."

"Nusu saa tu. Washa, mwanangu, sioni ninapogusa."

Niliwasha. Dakika ishirini ilikuwa inahema kama siku zote. Halafu pumzi moja ilipanda na haikushuka. Mlio ukapanda, ukapanda, balbu iliyo juu ya kichwa changu ikawa nyeupe kuliko nilivyowahi kuona taa, nikaona vivuli vya vidole vyangu ukutani, vikali kama vimekatwa kwa wembe. Nikasikia balbu ikipasuka leba, na Sista akipiga kelele. Nikavuta mkono wa kuzimia. Hakuna kitu. Nikafunga koki ya dizeli. Hakuna kitu. Nikazima swichi kuu ili kuokoa kitanda cha joto, na hapo mashine, ikiwa haina tena mzigo wowote, ikapiga ukelele. Nilielewa nikiwa nimesimama na koki mkononi. Haihitaji dizeli ya tangi tena. Oili imejaa mpaka inavutwa kwenye njia ya hewa. Inajila yenyewe. Haitazima mpaka iimalize, au ipasuke.

Sakafu ilitetemeka miguuni. Nyuma ya tofali moja alikuwepo mwanamke aliyelala chali.

Nilichukua shuka chafu lililokuwa mlangoni nikalisukumiza kwenye bomba la hewa. Lilininyang'anya. Shuka zima liliingia mle kama ulimi unaorudi kinywani, na moshi mweupe ukatoka, na mlio haukupungua.

Ndipo nilipogeuka nikamwona Mjomba. Alikuwa ameshuka barazani. Sijui vipi, kiti kilikuwa kimelala ubavu kwenye matope na yeye ameegemea nguzo, mvua inampiga usoni, kiganja mdomoni. Akakiondoa. Akakirudisha. Akakiondoa, akakirudisha, kwa nguvu, akijipiga. Mdomo. Ziba mdomo.

Nikautazama mdomo wa bomba, mviringo, mpana kama kiganja. Nikanyoosha mkono wangu. Nilikuwa bado sijaugusa na tayari nilihisi ngozi ya kiganja ikivutwa, vidole vikinyooka vyenyewe kuelekea kwenye lile tundu.

Mjomba alipiga kelele. Miezi mitano na nusu hatujasikia sauti yake. Haikuwa neno. Lakini nilisimama kama mtoto aliyezabwa kofi, na nikamwona anatikisa kichwa, hapana, hapana, na kidole chake cha kulia kimenyooka kupita bega langu.

Msumari. Kibao.

Nilikishika kwa mpini nikakipeleka. Hatua ya mwisho sikuipiga mimi. Mashine ilikivuta ikakibamiza pahali pake, mpira juu ya chuma, pakaziba sawasawa kama kifuniko na chungu chake. Ilikohoa. Ikatikisika mara tatu mpaka vumbi likadondoka darini. Ikanyamaza.

Nilisikia mvua. Kisha Mama, upande wa pili, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Sista, tochi. Mulika hapa. Hapa, mama, sukuma sasa." Kisha muda mrefu. Kisha mtoto.

Nilitoka nikakaa matopeni karibu na Mjomba. Mkono wake wa kulia ulikuwa umetulia mapajani. Nimekaa naye mpaka Sista akaja kutusaidia kusimama.

25 Aprili

Mtoto ni wa kike. Mama yake ameshonwa, anakunywa, anatukana mvua.

26 Aprili

Mama amekuja chumbani kwangu, akakaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo halifanyi.

"Aliniambia," alisema. "Mpira wa pampu. Aliniambia mara tatu. Mara ya kwanza tulikuwa tunahitaji vitanda. Mara ya pili kitanda cha joto. Mara ya tatu nilimkatiza, nikasema kaka, si unamwaga oili tu mambo yanaenda? Akasema sawa, nitakuwa namwaga. Hakuniomba tena."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu haikuwahi kutokea chochote." Alisugua magoti. "Nilisahau kwamba ni yeye aliyekuwa anakizuia."

Wiki zote zile nilizisoma namba zake ukutani zikishuka, nikaona woga. Kila zilivyoshuka, mpira ulikuwa umechoka zaidi naye alikuwa anamwaga zaidi. Mimi nilipewa ukuta mzima wa onyo nikaukosoa hesabu.

4 Mei

Barabara imefunguka. Fundi wa pampu amekuja, ameweka pampu mpya. Amekigeuzageuza kibao, akauliza nani amekitengeneza. Nikamwonyesha barazani. Fundi akaenda akamwamkia Mjomba kwa mikono miwili.

Mama Filta amenipa lita saba bila kuniuliza namba. "Kumi na tano arobaini, mwalimu. Oili haikuwa na kosa."

"Najua. Kosa lilikuwa muda."

"Na sasa utamwaga lini?"

"Nitatazama kila siku. Na nitanusa. Ikipanda, siku hiyohiyo."

"Na isipopanda?"

"Saa mia."

Hakucheka.

11 Mei

Saa ishirini na nne. Kwenye alama. Imeshuka chini ya alama kidogo, kwa kweli, unywele mmoja. Sijawahi kufurahia upungufu kiasi hiki.

19 Mei

Mvua zinaisha. Mama ameniachia kazi ya kumwogesha Mjomba asubuhi. Mkono wa kushoto ndio mgumu, ile ngumi. Mama alikuwa akiufuta kwa juu tu kwa sababu kuufungua kunamuuma. Leo maji yalikuwa ya moto, nikaushika muda mrefu, nikanyoosha kidole kimoja, kingine. Aliniruhusu. Alikuwa akinitazama usoni, siyo mkononi.

Katikati ya kiganja kuna kovu. Ni duara kamili, jeupe, limeinuka kidogo ukingoni, na ndani yake ngozi ni laini isiyo na mistari.

Nilikumbuka. Nilikuwa kidato cha pili, likizo. Mchana mmoja taa zote za nyumba ziling'aa nyeupe kisha zikapasuka, na Mjomba akatoka chumba cha jenereta na mkono umefungwa shati, akicheka, akasema bomba la moshi limemuunguza, mzembe yeye. Alitununulia balbu jioni ileile. Wiki moja baadaye alikuwa mezani anachonga kipande cha mti.

Nilikwenda kwenye chumba cha jenereta. Kwenye ukuta nilitafuta mwaka ule, mwezi ule. Mia mbili na hamsini, na mstari unaofuata, mia. Mwandiko wa huo mstari wa mia umepinda. Mjomba ni wa mkono wa kushoto. Aliuandika kwa kulia.

Nilirudi. Nikaukausha mkono, nikauacha wazi juu ya paja, kiganja juu. Nikaweka wangu juu ya duara lile. Lilinienea.